Jukwaa Lilijua Kwanza

Kazi ya kulaza watu usingizi ni kazi ya upweke. Daktari mpasuaji ana msaidizi wake, wauguzi wana wenzao wa kupiga nao soga, lakini mtoa nusukaputi hukaa kichwani pa mgonjwa peke yake, na hospitali nyingi zina mmoja tu. Akipatia, hakuna anayejua kwamba amepatia. Akikwama, hana wa kumuuliza. Ndiyo maana chama chao kilipofungua tovuti yenye blogu na jukwaa la majadiliano, wengi waliingia kwa kujaribu tu, wakanogewa. Pale pakawa ndipo chumba chao cha chai. Mtu anauliza mashine yake inavujia wapi, mwingine aliye mbali kabisa anamjibu kabla maji hayajachemka.

Aliyesimamia jukwaa hilo, na kuandika blogu ya chama, alikuwa mhadhiri mstaafu waliyempachika jina la Mzee Koma. Alikuwa hawezi kuiona sentensi imekosa koma akaiacha. Angeingia kuirekebisha hata kama mwenyewe anaomba msaada wa haraka, mpaka mwanachama mmoja akamtania kwamba siku moja mgonjwa atafia kwenye nukta. Mzee akacheka, akaongeza nukta mwishoni mwa utani huo.

Mwanamke tunayemzungumzia alikuwa mwanachama wa siku nyingi, msomaji kuliko mwandishi. Hospitalini kwake wagonjwa walimwita Mama Usingizi. Alikuwa mnene, mwenye sauti ya chini, na aliwatia watu sindano wakiwa bado wanamweleza kwamba wanaogopa sindano. Kwa sababu hiyo, jukwaani, ambako kila mtu alijichagulia jina, alijiita Mkono Mwepesi.

Siku ya yule mtoto ilianza kama siku nyingine. Msichana mdogo, ndiyo kwanza ameng'oka meno ya mbele, aliletwa kutolewa mafindofindo. Baba yake, fundi wa kuchomelea mageti, alimbeba mpaka kwenye mstari mwekundu ambao wazazi hawavuki, akamkabidhi, akarudi kukaa kwenye benchi la nje. Mtoto hakulia. Alimweleza Mama Usingizi habari za paka wao, mgeni pale nyumbani, ambaye baba alimpa jina la Waziri kwa sababu hana kazi ila kula na kulala, na kila mtu anampisha. Alikuwa bado anaeleza alipowekewa barakoa usoni. Akavuta pumzi chache, macho yakalegea, akalala.

Mama Usingizi alimpitishia mrija kooni, akaunganisha na mabomba ya mashine, akabana mfuko wa mashine unaosukuma hewa mapafuni. Hewa haikuingia. Akabana tena. Mfuko ulikuwa mgumu kama mpira uliojazwa sana. Alidhani mapafu yamekaza, jinsi yanavyokaza ya mtu mwenye pumu, akachoma dawa ya kuyalegeza. Hayakulegea. Akautoa mrija, akaweka mwingine. Hali ile ile. Daktari mpasuaji akawa anauliza kuna nini, kuna nini, na midomo ya mtoto ilikuwa inabadilika rangi. Muuguzi alimletea ule mfuko wa mkono unaojijaza hewa wenyewe. Aliuweka kando kwanza, kwa sababu akili yake yote ilikuwa kwenye mapafu. Alipong'oa kila kitu na kuupachika ule mfuko moja kwa moja kwenye mrija, kifua kiliinuka bila shida, laini, kana kwamba hakuna lililowahi kutokea. Lakini moyo ulikuwa umesimama. Walikibonyeza kile kifua kwa zamu mpaka daktari alipomshika Mama Usingizi mkono na kumwambia aache.

Baadaye, mtoto akiwa ameshafunikwa, alichukua kile kiungio cha kona kinachounganisha mrija na mabomba akakiinua kwenye taa. Ndani yake palikuwa na kipande cha nailoni, chembamba kama ganda la kitunguu, kimeziba koo lote la kiungio. Ilikuwa nailoni ya kifungashio. Mtu alikipasua kifurushi kipya kwa pupa, kipande kikadumbukia ndani, na kwa kuwa hakikuwa na rangi, hakuna aliyekiona. Yeye mwenyewe hakukiona. Alikuwa amebadilisha mrija, na kiungio akaacha kile kile.

Daktari mpasuaji alikichukua kile kipande, akakitazama kwenye kiganja chake. Kisha akavua glovu kwa kuigeuza nje ndani, nailoni ikabaki humo, akaitupa kwenye pipa la taka.

Mganga mkuu wa hospitali ndiye aliyezungumza na baba. Alisema kwa upole kwamba kuna watoto ambao moyo wao una udhaifu usiojulikana, na moyo wa binti huyu haukuhimili dawa. Mama Usingizi alisimama nyuma yake, ukutani. Baba alimtazama mganga mkuu, halafu akamtazama yeye, kana kwamba anasubiri na yeye aseme neno. Alisema pole. Hilo ndilo neno pekee lililomtoka.

Wiki zilizofuata aliendelea na kazi. Hakuna aliyemlaumu, na hilo ndilo lililomla. Daktari mpasuaji alimletea chai, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Taarifa ya hospitali iliandikwa moyo, ikasainiwa. Nyumbani hakula vizuri, na akipika aliunguza. Mumewe, mwalimu wa hesabu asiye na maneno mengi, ndiye pekee aliyeambiwa. Alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia aliyekufa hatafufuka, na watoto wao wawili bado wako shuleni. Alipomweleza kwamba anataka kuandika jukwaani ili wenzake wasije wakanaswa na kitu kile kile, mume alikataa katakata. Alisema kilichoandikwa kwenye simu hakina mlango wa kufungwa. Mke akajibu kwamba pale ni wanachama watupu, watu wa fani moja, na kila mmoja ameingia kwa neno lake la siri.

Aliandika mchana wa siku yake ya mapumziko, kwenye meza ya chakula, nyumba ikiwa tupu. Aliondoa jina la mji, akaondoa la hospitali, akabadilisha umri wa mtoto. Paka alimfuta. Kisha akamrudisha. Alihisi kwamba akimwondoa na paka, mtoto mwenyewe atakuwa amekwisha kabisa, ibaki hadithi ya nailoni tu. Mwishoni aliandika hivi:

"Siandiki ili mnionee huruma. Naandika kwa sababu iko siku mmoja wenu atabana mfuko na hewa haitaingia. Asifanye kama mimi. Msihangaike na mapafu kabla hamjahangaika na mabomba. Ng'oeni kila kitu, chukueni mfuko wa mkono, pulizeni moja kwa moja. Mimi nilichelewa. Mtoto huyu alikuwa na paka aitwaye Waziri, na alikuwa bado ananieleza habari zake nilipomwekea barakoa."

Majibu yalimiminika. Watu ambao hawajawahi kuandika hata salamu waliandika. Mmoja alikiri kwamba naye aliwahi kunusurika kwa bahati tu. Mwingine alisema amekwenda kufungua droo ya chumba chake cha upasuaji, akakuta vipande viwili vya nailoni ya aina hiyo vimelala pamoja na viungio. Mzee Koma aliuweka uzi ule, andiko pamoja na majibu yake, juu kabisa ya ukurasa, akauandikia makala nzima kwenye blogu, na kwa mara ya kwanza hakugusa koma hata moja.

Aliyeandika kwa upendo kuliko wote alikuwa mwanachama aliyejiita Shangazi, kwa sababu ya tabia yake ya kuwagombeza wenzake halafu akawabembeleza. Alimwambia Mkono Mwepesi kwamba ujasiri kama huo hajawahi kuuona, kwamba mtoto huyo sasa amewaokoa wengine, na kwamba ajitahidi kula. Mama Usingizi aliusoma ujumbe huo akiwa jikoni, akalia kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Kisha akakaa mezani akala, mumewe akimtazama.

Alikuwa amekwisha anza kujisikia mtu tena siku aliyopokea ujumbe wa faragha kutoka kwa Shangazi. Alikuwa kwenye korido ya chumba cha upasuaji, anasubiri mgonjwa aletwe. Ujumbe ulisema:

"Dada Mkono Mwepesi, nimekuja kumsalimia kaka yangu aliyefiwa na binti. Nilikuwa masomoni mbali, mazishi sikuyawahi. Waliniambia ni moyo. Hapa kuna paka amelala miguuni pa kaka, na sasa hivi kaka amemwita jina lake. Niambie siye yule uliyemwandika."

Mgonjwa aliletwa akapita, magurudumu ya kitanda yakilia sakafuni. Muuguzi akamwita. Mama Usingizi aliandika sentensi ndefu, akaifuta. Akaandika nyingine, akaifuta. Mwisho akaandika: "Ndiye." Akatia simu mfukoni, akaingia kumlaza yule mgonjwa, na mikono yake ikafanya kazi sawasawa kabisa, jambo lililomtia hofu.

Kesho yake baba alikuja. Mama Usingizi alipotoka baada ya mgonjwa wa mwisho, alimkuta kwenye lile lile benchi la nje, amevaa ovaroli yenye matundu madogo ya cheche. Hakuinuka. Alikuwa ameshika simu ya dada yake.

"Wewe ndiye Mkono Mwepesi?"

"Ndiyo. Ni mimi."

"Umeandika vizuri. Nimesoma yote, na majibu ya watu nimesoma. Wanakupa pole sana." Aliizungusha simu mkononi. "Ni wangapi wamesoma hii?"

"Sijui idadi. Chama kizima."

"Mimi nilikuwa hapa," alisema baba, akapiga ubao wa benchi kwa kiganja, taratibu. "Hapa. Ulikuwa huhitaji neno la siri."

Mama Usingizi aliketi upande wa pili wa benchi. Baba akamwambia yale yaliyompata nyumbani kwake, akiongea bila kupandisha sauti, kama mtu anayetoa maelezo ya kazi. Siku waliyorudi na habari ya moyo, mama yake mzazi aliuliza moyo huo mbovu umetoka upande wa nani, maana upande wao hakuna. Ndugu wakaanza kukumbushana marehemu wa ukoo wa mkewe: fulani alianguka shambani, fulani alikufa usingizini. Mkewe alijitetea mwanzo, kisha akaacha kujitetea, kisha akaanza kuamini. Alimzuia mtoto wao mdogo asikimbie. Alikuwa akiamka kumwekea sikio kifuani. Mwisho akafungasha, akarudi kwa wazazi wake pamoja na mtoto, akisema hawezi kuzaa tena watu wa kufa.

"Na mimi sikumzuia," alisema baba. "Kwa sababu na mimi niliamini."

Mama Usingizi aliomba msamaha. Baba alitikisa kichwa, akasema hakuja kwa ajili hiyo. Aliuliza jambo moja tu, kama mtoto aliumia. Akajibiwa kwamba hapana, alikuwa amelala, hakujua lolote. Baba alimtazama usoni kuona kama hilo nalo ni la kumfariji tu.

"Basi twende," alisema. "Ukamwambie mke wangu. Mimi nikimwambia atasema nimetunga ili arudi."

Walikwenda kwa miguu, baba mbele na yeye nyuma. Alikuwa bado na kandambili za chumba cha upasuaji. Walipofika kwa wakwe, walimkuta mama wa mtoto uani anapiga pasi rundo la nguo za watu, kazi aliyojitafutia tangu arudi kwao. Shangazi alikuwa ameshafika kabla yao, kama alivyopatana na kaka yake, na alikuwa amemleta mama yake, yule bibi aliyeuliza swali la moyo. Bibi alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, mtandio umeshuka mpaka kwenye nyusi, hajui ameitiwa nini. Hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa Mama Usingizi kumwona Shangazi kwa macho: mwanamke mwembamba mwenye miwani, mdogo kuliko alivyomdhania. Hawakusalimiana.

Alisimulia akiwa amesimama. Alisimulia kila kitu, mfuko mgumu, dawa, mrija wa pili, ule mfuko wa mkono alioletewa akauweka kando, nailoni, glovu iliyotupwa. Mama wa mtoto hakuacha kupiga pasi. Alipomaliza shati alilokuwa nalo, alilikunja, akaiweka pasi wima.

"Rudia hapo kwenye moyo," alisema.

"Moyo wake ulikuwa mzima. Ulisimama kwa sababu mimi sikumpa hewa."

"Rudia tena. Mama mkwe hasikii vizuri."

Bibi alikuwa anasikia vizuri sana. Mama Usingizi alirudia, kwa sauti kubwa zaidi, akimwelekea bibi. Bibi alijifunika uso kwa mtandio. Hakuna aliyemwendea. Mama wa mtoto alimtazama mama mkwe wake, akamtazama mumewe, kisha akamgeukia Mama Usingizi.

"Nimesikia," alisema. "Sasa ondoka hapa kwetu."

Mlangoni alimsikia akimwita mtoto wake mdogo, aliyekuwa amekatazwa kutoka ndani, akimwambia aende akacheze na wenzake.

Baadaye watu wengi walidhani kwamba baada ya hapo mke alirudi kwa mumewe. Hakurudi. Nailoni ilimwondolea lawama, lakini maneno waliyomwambia hayakuwa na wa kuyaondoa. Shangazi alisema kaka yake alikwenda kumfuata mara kadhaa, na kila mara alipewa kiti, akapewa maji, akasindikizwa mpaka njiani.

Baba alipeleka malalamiko kwenye baraza linalosimamia fani yao, na ushahidi aliokuwa nao ni picha za skrini za ule uzi. Mganga mkuu alimwita Mama Usingizi ofisini, mwanasheria wa hospitali akiwa amekaa pembeni. Walikuwa wameshamwandalia maelezo. Aseme kwamba kisa kile ni cha kubuni, mfano wa kufundishia, na kwamba paka ni sadfa. Nailoni yenyewe haipo, walimkumbusha, na daktari mpasuaji hakumbuki kuona kitu. Akisaini, atabaki na kazi yake. Alisoma yale maelezo mpaka chini. Akauliza kama wamemwona mama wa mtoto. Mwanasheria akajibu kwamba hilo halihusiani. Mama Usingizi aliirudisha karatasi mezani, akasema yeye ameshaeleza yaliyotokea, mbele ya familia nzima, na hawezi kwenda kuwaambia tena kwamba alikuwa anatunga.

Huku nyuma, jukwaa liliwaka moto. Habari zilipotapakaa kwamba uzi umevuja, hakuna aliyeuliza kuhusu mtoto. Kila mmoja alikumbuka alichowahi kuandika mwenyewe. Yule aliyekiri kunusurika kwa bahati alifuta maandishi yake yote ya nyuma na mbele. Wakaanza kumtafuta aliyevujisha, na Shangazi hakuwapa tabu ya kutafuta. Aliandika waziwazi: ni mimi, marehemu ni mtoto wa kaka yangu. Walimvamia. Msaliti, nyoka, umetuvua nguo. Watu aliokuwa akiwabembeleza walimwambia hafai hata kuitwa mtoa nusukaputi. Mmoja alimwandikia kwamba watoto watakaokufa kwa sababu watu wameogopa kusema, damu yao iko mikononi mwake. Na ubaya wa maneno hayo ni kwamba hayakuwa ya kipuuzi.

Mama Usingizi alisoma yote. Aliandika mara moja tu. "Shangazi hakunivujisha," aliandika. "Mimi ndiye niliyewaambia ninyi kitu ambacho nilipaswa kuwa nimeshawaambia wao. Ningekwenda kwao kwanza, asingekuwa na cha kuvujisha. Mwacheni." Uongozi wa chama uliamuru ujumbe huo ufutwe, na uzi wote pamoja nao, na makala ya blogu. Mzee Koma aliuacha siku nzima ili watu wausome. Jioni alitii, akafuta, kisha akajiuzulu usimamizi. Barua yake ya kuaga ilikuwa na mistari miwili.

Shangazi alifukuzwa uanachama kwa kukiuka siri. Mama Usingizi alifika mbele ya baraza, akaulizwa, akajibu. Daktari mpasuaji naye aliulizwa. Alitazama meza wakati wote, na aliendelea kutokumbuka. Mganga mkuu alihamishiwa hospitali nyingine, kubwa zaidi. Mama Usingizi alinyang'anywa leseni. Siku aliyokwenda kuchukua vitu vyake, yule muuguzi aliyemletea mfuko wa mkono alimsaidia kubeba mpaka getini, analia, akimwambia na yeye angesema kama wangemwita. Hawakumwita.

Jukwaa halikufungwa. Liliwekewa kanuni mpya kwamba hairuhusiwi kujadili kisa cha mgonjwa yeyote, kwa namna yoyote. Yaliyobaki yalikuwa salamu za siku ya kuzaliwa, rambirambi, matangazo ya semina, na mtu mmoja aliyekuwa anauza makoti meupe. Makala za blogu ziliandikwa na ofisi, zikiwa na picha za viongozi wakikata utepe.

Mama Usingizi alikaa nyumbani. Kwa muda hakuwa na hamu ya chochote, kisha akaanza kuwafundisha watoto wa jirani kusoma, kwa sababu walikuwa wanapita mlangoni. Mumewe hakuwahi kumwambia nilikuambia. Mara mojamoja Shangazi alimpigia simu. Hawakuwa marafiki, na hakuna aliyejaribu kujiita hivyo. Waliulizana hali. Shangazi alimweleza kaka yake anaendeleaje, naye alisikiliza, wakakata simu.

Mwaka uliofuata, asubuhi moja akiwa anaanika nguo, simu iliita kwa namba asiyoijua. Alikuwa mwanamke, mtoa nusukaputi wa hospitali ya mbali. Alisema Mzee Koma ndiye aliyempa namba. Alikuwa ameuliza swali jukwaani, likaondolewa papo hapo, naye akapewa onyo, na mzee, ambaye bado alikuwa akisoma kimyakimya, akamtafuta. Swali lenyewe lilikuwa fupi. Mtoto, mfuko mgumu, mrija amebadilisha mara mbili, hewa haiingii.

"Yuko wapi sasa?" aliuliza Mama Usingizi.

Mwanamke akasema ilikuwa tangu alfajiri, na ameshafunikwa. Alikuwa anataka kujua tu, aliendelea, ni nini alichokosea.

Mama Usingizi aliketi kwenye ngazi ya mlango. Alimwambia ashike kiungio cha kona akiinue kwenye mwanga. Alimsikia akitembea, akafungua mlango, akasimama. Alisikia pumzi yake ikibadilika, wala hakuhitaji kumuuliza ameona nini.

"Usikitupe," alimwambia. "Mtu asikitoe mkononi mwako. Wazazi wako hapo?"

"Wako wodini. Wameambiwa wamsubiri mganga mkuu."

"Nenda kabla yake. Nenda sasa hivi, na kiungio chako. Mimi nitakaa hapa kwenye simu mpaka urudi."

Mtu alipita upande wa pili akisukuma kitu chenye magurudumu. Mwanamke alisema ana watoto watatu, na mumewe hana kazi. Mama Usingizi alisema anajua. Mwanamke alisema tena, kwa sauti ya chini zaidi, kwamba ana watoto watatu. Kisha simu ikakatika.

Alipiga ile namba mchana, ikaita bila kupokelewa. Alipiga tena siku iliyofuata, ikawa haipatikani. Alimpigia Shangazi akamweleza, na Shangazi akaanza kuulizia hospitali moja baada ya nyingine kwa wale wachache waliokuwa bado wanapokea simu zake. Hawakupata jibu, au walilolipata lilikuwa kwamba huko hakujatokea tatizo lolote.